Popo watano kwenye sahani: kisa cha sebule moja Mji Mkongwe

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha kazi yangu mwenyewe ya kupamba nyumba za watu, Unguja. Majina nimeyatoa, mtaa siutaji, mwaka siutaji, na vitu viwili vitatu nimevipindisha kidogo ili mwenye nyumba asijulikane, maana Mji Mkongwe ni mdogo na watu wanajuana mpaka paka zao. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaouza au kupanga vyombo vya buluu na nyeupe, vile tunavyoita vya kichina hata kama vimetoka Uingereza, kwa sababu niliharibu mahali ambapo nilidhani hapaharibiki.

Nyumba na alichotaka mwenyewe

Nyumba ni ya ukoo, kuta za mawe na chokaa nene kiasi kwamba ukiingia na simu mtandao unabaki mlangoni. Bi Mkubwa (ndo nitavomwita, keshapita sitini) kaigeuza gesti baada ya watoto wake kuhamia Muskati na Uingereza. Sebule ya chini ina vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, ukuta mzima, na bibi yake alikuwa anapanga humo sahani, mabakuli na chupa za marashi, ukiingia unapokelewa na buluu kabla hujapokelewa na mtu. Sahani zimebaki 11, tatu zimeungwa na gundi ya siku nyingi iliyogeuka rangi ya chai.

Alichoniambia ni kimoja tu, "Mwanangu, nataka ukuta urudi kama wa bibi."

Na hakuwa anaomba kitu cha ajabu. Pwani yetu vyombo hivi vina ukaazi wa mamia ya miaka. Nenda Kunduchi ukaone makaburi ya nguzo yalivyopachikwa vyombo vya kichina, vingi sasa vimebaki matundu tu maana watu wamevibandua. Gedi huko Kenya wachimbaji wamevitoa ardhini, Kilwa hivohivo, na misikiti ya kale ilipachikwa mabakuli kwenye mihrabu. Aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha mji wa Pate ulivyoanguka, alitaja hivihivi vidaka vya sahani kwamba sasa wanalala ndege. Yaani kidaka bila sahani kwetu ni nyumba iliyofiwa, na Bi Mkubwa alilijua hilo bila kusoma popote.

Nilivyochagua mzigo

Hapa ndo mwanzo wa makosa, ingawa siku ile nilijiona fundi.

Nina agenti Guangzhou, kijana wa kwetu anayetafutia watu bidhaa na kujaza kontena. Alinitumia picha kama 60 kwenye WhatsApp, nikachagua nikiwa nimekaa Forodhani nasubiri mishikaki, simu mkono mmoja. Vigezo vyangu vilikuwa rangi, upana na bei. Nikachukua sahani 16 za ukubwa tofauti, mitungi miwili yenye vifuniko ya kusimama mlangoni, na sahani moja kubwa ya sentimita 40 kwa kidaka cha katikati, kile ambacho mgeni anakiona kwanza. Ile kubwa kwenye simu ilionekana ina duara katikati na vitu kama mawingu yamejikunja pembeni, nikasema hii nzuri, imetulia.

Kulikuwa na sharti moja kutoka kwa Ami, mdogo wa marehemu baba yake Bi Mkubwa, kwamba upande wa kulia ambako maulidi husomwa hataki picha za viumbe wenye roho. Nikamwambia sawa Ami, upande ule nikauwekea maua na matunda matupu. Sikubishana, na nashukuru, maana sharti lile ndo kitu pekee kilichonilazimisha nitazame nini kimechorwa. Upande wa kushoto na katikati sikutazama kabisa, buluu ni buluu.

Siku ya kufungua maboksi

Kelele za kwanza hazikuwa za popo, zilikuwa za mitungi.

Bi Mkubwa kanipigia asubuhi sauti imepanda, "Mbona wamenitumia mitungi iliyopasuka yote miwili?" Nikakimbia. Kufika nakuta keshamtumia agenti voisi, na agenti keshaomba radhi na kukubali kurudisha nusu ya hela! Natazama mtungi, wote umechorwa buluu iliyokolea yenye mistari inayokatana huku na huku kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe, na juu yake matawi yenye maua meupe. Mzima kabisa. Ile ni barafu. Mchoro wa maua ya plamu juu ya barafu inayopasuka ni wa siku nyingi China, ulipendwa sana enzi ya mfalme Kangxi (1662 hadi 1722), na mitungi ya namna hii ilikuwa zawadi ya mwaka mpya. Plamu huchanua mwisho wa baridi kabla miti mingine haijathubutu, kwa hiyo maua juu ya barafu maana yake baridi inavunjika, kheri inakuja.

Nikamwonyesha namna ya kupima. Unagonga mdomo wa chombo na kucha, kizima kinalia tiiing na sauti inabaki, chenye ufa kinasema tò, imekwisha. Tukagonga yote miwili, ikalia. Mama wa usafi naye akaja akagonga, kijana wa mapokezi akagonga, ikawa ngoma.

Lakini Bi Mkubwa aliuliza swali ambalo hadi leo silijibu vizuri, "Kwa hiyo uzuri wake ni barafu kupasuka? Mimi barafu naijua ya friji, ikipasuka ndo inaanza kumwaga maji sakafuni." Alaf mkaka wa watu wa Guangzhou ameishi China miaka na yeye hakujua, karudisha hela ya kitu kizima (tulimrejeshea, msiniulize sana).

Sahani za matunda zilipita bila tatizo. Moja ilikuwa na komamanga lililopasuka punje zinaonekana, na mama wa usafi alipoliona tu akasema maashallah, tunda la peponi, akaipanga mwenyewe. Kwa Mchina komamanga lile ni dua ya watoto wengi, neno lao zi ni mbegu na pia ni mwana, kwa hiyo tunda lililojaa mbegu ni nyumba iliyojaa wana. Mama wa usafi alilijua kwa njia ya Suratur-Rahman, siyo kwa njia hiyo, na wote wawili wakafika kwenye baraka. Sahani ya samaki nayo ilizua ubishi wa nusu saa kuwa ni samaki gani, fundi niliyekuja naye kupanga vyombo akashikilia kuwa huyu si wa bahari, mkia gani huu, na kweli samaki wa kwenye vyombo hivi mara nyingi ni wa mtoni na bwawani. Kwa Kichina yu ni samaki, na yu nyingine inayosikika hivohivo ni ziada. Hakuna aliyeuliza maana, wakaishia kubishana bei ya changu.

Popo

Fundi ndo wa kwanza. Kashika ile sahani kubwa aiweke kidaka cha kati, kaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema taratibu, "Kaka, hawa popo."

Nikasogea. Ni kweli. Yale niliyoyaona mawingu kwenye simu ni mabawa. Popo watano wanazunguka duara, mabawa yamekunjwa ncha kama maua, na vichwa vyote vinatazama chini. Katikati lile duara ni herufi ya kichina.

Mtu wa bara anaweza kucheka, ila aliyekuwepo Unguja na Pemba mwaka 1995 hacheki. Ule ndo mwaka wa Popobawa, jini lililosemwa linavamia watu usiku vitandani, watu walilala nje vikundi vikundi na moto umewashwa wakiogopa kulala vyumbani, na jina lenyewe ni bawa la popo. Sina haja ya kueleza zaidi, waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo wameshahadithiwa. Mama wa usafi ni wa Pemba, mwaka ule alikuwa msichana wa miaka kumi hivi.

Aliposogea akauliza ni nini wale, nami nikajibu haraka, "Vipepeo."

Nilichoamua, kimoja baada ya kingine

Uamuzi wa kwanza ndo huo, kudanganya. Sababu yangu ilikuwa ya kijinga lakini nitaisema, sahani ilikuwa imenigharimu karibu laki tatu na nusu pamoja na usafiri, kidaka kilikuwa kimepimwa kwa ajili yake, na nilidhani mtu akiambiwa kipepeo ataona kipepeo. Hakuona. Kesho yake vidaka vyote vimefutwa vumbi isipokuwa kimoja. Hakusema neno, we unajua mtu mzima akinyamaza. Siku ya tatu kijana wa mapokezi akaomba abadilishiwe zamu ya usiku, akasema tu tumbo linamsumbua. Ndo mama wa usafi akaenda kwa Bi Mkubwa akamwambia, "Shikamoo Bi, mimi ile sebule alfajiri siingii peke yangu. Wale wanashuka."

Wanashuka. Hilo neno lilinikaa, na mtaona kwa nini.

Uamuzi wa pili haukuwa wangu, Bi Mkubwa aliagiza sahani igeuzwe itazame ukuta mpaka tujue la kufanya. Ikawa mbaya zaidi. Sahani imegeuka nyeupe tupu katikati ya vidaka vilivyojaa, kila mtu anajua nyuma yake kuna nini, na mpishi akasema lile ambalo wote walikuwa wanalifikiria, kama si kitu mbona mmekificha?

Uamuzi wa tatu nikampigia dada mmoja anayefundisha Kichina, nikamtumia picha, safari hii kubwa. Alinijibu voisi ya dakika sita na mimi nikaona aibu dakika zote sita. Popo kwa Kichina ni bianfu, na ile fu ya mwisho inasikika sawasawa na fu nyingine ambayo ni baraka. Kwa hiyo anayechora popo anatamka baraka. Popo watano ni zile baraka tano zinazotajwa toka kale: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo chema wakati wako ukifika. Herufi ya katikati ni shou, umri mrefu. Na kwa nini vichwa chini? Kwa sababu kwao neno la kupinduka, dao, linasikika kama neno la kufika. Popo aliyepinduka ni baraka iliyofika. Yaani mama wa usafi alisoma mchoro sawasawa kabisa, wanashuka kweli, wanaingia nyumbani, tofauti ni nani anayeingia.

Tukakaa alasiri, chai na maandazi, wote, mpaka mlinzi. Kwanza nikaomba radhi kwa ile ya vipepeo. (Na kumbe hata ningesema kweli ni vipepeo ningekuwa nimeingia mchezo mwingine, kwao paka na kipepeo wakichorwa pamoja wanasikika kama maneno ya uzee wa miaka sabini mpaka tisini.) Nikaeleza fu na fu, nikaeleza baraka tano. Walisikiliza kwa adabu. Kijana wa mapokezi akacheka akasema basi sawa. Mama wa usafi akamaliza chai yake, akaweka kikombe, akasema, "Sawa mwanangu, huko kwao. Hapa akishuka usiku nimuulize kwa Kichina?"

Sikuwa na jibu na sikulitafuta. Anayeingia sebuleni saa kumi na moja alfajiri kuna giza ni yeye, mimi saa hiyo nimelala kwangu. Nikamwambia Bi Mkubwa sahani inaondoka.

Uamuzi wa nne ndo ulikuwa mgumu kwa namna nyingine. Kidaka cha kati kikabaki wazi, Bi Mkubwa akasema basi weka ile ya bibi, ya Mchina wa zamani, yenye mti na daraja. Nikaichukua, nikaigeuza kama kawaida yangu, chini kuna muhuri umeandikwa England. Muhuri wa hivyo kwa kawaida ni wa kuanzia 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipotaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Na mchoro wenyewe, mti wa matawi yanayoinama, watu watatu darajani, ndege wawili juu, ni wa viwanda vya Staffordshire, ulitungwa mwisho wa karne ya 18 kwa kuiga vya China. Ile hadithi ya wapenzi wawili waliogeuka njiwa ilitungwa Uingereza kunogesha biashara, China hakuna aliyekuwa anaijua. Hata haichorwi kwa mkono, ni karatasi yenye wino inabandikwa. Nilisita kumwambia, lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja ndani ya nyumba ile na nimeona bei yake. Nikamwambia. Akaishika muda, akapitisha kidole kwenye ile gundi ya rangi ya chai, akasema, "Bibi alisema ya Mchina," akaiweka mwenyewe kidakani. Ina ndege, ina watu, Ami kapita kaitazama. Hakusema kitu na mimi sikumuuliza.

Ilivyoishia

Sahani ya popo iko ghorofani kwenye chumba cha hesabu cha Bi Mkubwa, kaipenda baada ya kusikia ile baraka ya tano, kasema kifo chema ndo kitu anachoomba kila siku. Mama wa usafi chumba kile hakifagii, Bi anakifagia mwenyewe. Kijana karudi zamu ya usiku. Vikadi vya maelezo nilivyochapisha kwa Kiingereza peke yake nimevitoa nikaandika vya Kiswahili kwanza, vifupi, jina la tunda au ua na neno moja la maana yake. Nilipoteza hela? Kidogo, usafiri wa ile kubwa sikumdai.

Sasa tuchambue

Nilichokosea hasa si kuchagua popo. Nilikosea kudhani maana ya picha imo ndani ya picha. Kwenye vyombo hivi sehemu kubwa ya maana imo kwenye sauti ya neno la Kichina. Popo ni fu, samaki ni yu, ukiondoa sauti unabaki na mnyama mwenyewe na kila nchi ina ugomvi wake na wanyama wake. Sisi watu wa kanga tulitakiwa tulielewe hili mapema, maana kanga bila jina ni nini? Unaweza kuwa na korosho na maua mazuri vipi, mwanamke kabla hajanunua anasoma jina, akikosea jina kazua vita na jirani. Tofauti ni kwamba sisi jina tunaliandika, Mchina kalificha kwenye mdomo wa anayetazama. Chombo kikivuka bahari mdomo ule haupandi meli.

Na tusijione wajinga peke yetu. Kiwanda cha Meissen huko Ujerumani, miaka ya 1740 hivi, kilianza kuchora sahani za buluu kwa kuiga za China, na yale makomamanga na mapichi ya mfano wa kichina watu wakayaona vitunguu. Mpaka leo mchoro ule unauzwa kwa jina la kitunguu! Dua ya wana na ya umri mrefu imegeuka kiungo cha mchuzi, miaka karibu 300, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna Mjerumani anayeogopa kitunguu. Kwetu tatizo lilikuja kwa kuwa yule mnyama alikuwa na jina tayari.

Maua na matunda yalisafiri vizuri zaidi, na sidhani ni bahati. Ua halina kesi na mtu, na komamanga lilikuta kiti chake kiko tayari hapa pwani. Ndo maana sharti la Ami, ambalo wenzangu wengi wangeliona usumbufu wa wazee, lilikuwa ushauri bora wa biashara kuliko wote niliopewa, japo yeye alikuwa anazungumzia ibada na si sahani. Ile barafu iko katikati, haikumtisha mtu ila haikumwambia kitu pia, mpaka ikaeleweka kama ubovu.

Kuchagua kwa kipicha cha ukubwa wa stempu, hilo sitalitetea. Siku hizi naomba video, sahani inazungushwa polepole dirishani, alaf picha ya karibu ya kila kiumbe. Video inaonyesha na kitu kingine. Chombo kilichochorwa kwa mkono, rangi ya kobalti hupakwa kwa brashi kwenye udongo kabla haujachomwa, ikiwa kama majivu meusi haina uzuri wowote, ndipo inamwagiwa ute wa kioo na kuingia tanuri la joto la nyuzi 1300 hivi na kutoka buluu. Brashi ikipita mara mbili unaona pameiva zaidi, popo wawili hawawezi kufanana. Wangu watano walifanana mpaka ukucha, yaani stika, mchoro wa kuchapwa na kubandikwa. Ningetazama vizuri ningeona mawili kwa mpigo, kuwa ni popo na kuwa nimeuziwa stika kwa bei ya brashi.

Kikao cha chai kilifanya kazi, lakini si kazi niliyokipangia. Nilikipanga ili wakubali sahani. Kilichotokea ni kwamba walikubali kuwa sikuwa na nia mbaya, na sahani wakaikataa palepale. Ningekiitisha kabla ya kununua, na boksi la kwanza angefungua mama wa usafi, si fundi wala mimi, maana ndiye anayeshika kila chombo kila siku.

Wiki iliyopita nilipita kupeleka kifuniko kimoja cha mtungi kilichokuwa kimevunjika ncha. Nikamkuta anafuta mtungi wa barafu, na kabla hajaweka kitambaa akaugonga kwanza na kucha, akasubiri, ndo akaendelea. Nikamuuliza mpaka leo huuamini? Akasema anaamini, ila na mistari ile haijui inafanya nini usiku.